Mlinzi wa Majani na Ngoma Yake

Siku yangu ya kwanza kazini niliua nzi, na nusura nifukuzwe kwa sababu hiyo.

Vijana wa shule ya hapa kwetu, upande wa Tinde, wameniomba niwaandikie nyimbo za zamani, zile za miaka ya ishirini na thelathini, kwa kuwa wamesikia nilikuwa mpiga ngoma. Nitawaandikia. Lakini wimbo hauna maana kwa mtu asiyejua waliouimba walikuwa wakifanya kazi gani, kwa hiyo watanivumilia nianze na kazi. Jina langu nitalitaja mahali pake.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya ishirini, reli ya kwenda Mwanza ikiwa bado mpya na watu wakiacha majembe kulitazama treni linapopita Shinyanga. Niliandikwa katika kazi ya mbung'o. Nikiwaeleza vijana wa leo hucheka, lakini ilikuwa kazi ya serikali, ina kaptula ya kaki na kitambulisho cha bati. Tulipanga mstari porini, na mmoja wetu alibeba kitambaa cheusi kilichotundikwa kwenye fito. Mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea; hudhani ni nyati. Akitua, mtu wa nyuma humfunika kwa wavu mdogo wa mkono na kumtia kwenye chupa, na karani huandika kama ni dume au jike, kama ana njaa au ameshiba, na amekamatwa stesheni gani. Stesheni yetu haikuwa ya treni. Ilikuwa mti uliobanduliwa gome na kuandikwa namba kwa rangi nyeupe. Njia nzima, kutoka mti wa kwanza hadi wa mwisho, tuliita mzunguko, na mzunguko mmoja ulikula asubuhi nzima.

Siku hiyo nilipewa kubeba kitambaa. Hatujafika stesheni ya tatu, mbung'o akanichoma shingoni, nami nikampiga kofi akapasuka. Mstari wote ukasimama.

Mkuu wetu porini alikuwa Nyapara Saidi, Mmanyema wa Tabora, mtu mzima mwenye tarbushi nyekundu asiyoivua hata jua likiwa utosini. Alikuwa mpagazi wakati wa vita vya Mjerumani, na alitembea kama bado ana mzigo kichwani.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

"Nimeua mbung'o, Nyapara."

"Nani kakutuma uue?"

"Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Kazi yako ni kumkamata mzima. Huyo uliyemponda ni shahidi, umemwua kabla hajasema neno." Akamgeukia karani. "Mwandike: mmoja, hajulikani. Na huyu kijana mwandike pia, akiua wa pili arudi kwao akachunge."

Sikuua wa pili. Nilijifunza kusimama kimya ninapochomwa, na kwa kijana wa Kisukuma wa umri ule hilo lilikuwa somo gumu kuliko kusoma.

Juu ya Nyapara Saidi alikuwa Mzungu wetu, ambaye watu walimpa jina la Bwana Majani. Wazungu wengine waliokuja kwetu walipenda kuwinda, wengine walipenda dini. Huyu alipenda majani. Alilala kwenye hema pembeni ya pori, akapima urefu wa nyasi kwa rula, akaandika. Kiswahili chake kilinyooka kama rula hiyo hiyo, na alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoweza kuona.

Yeye ndiye aliyenieleza sababu ya kazi. Mbung'o hakai kwenye uwanja mtupu. Anataka kivuli cha vichaka. Ukiondoa vichaka umemwondoa mbung'o, na ng'ombe wanarudi. Nililijua jambo hilo kabla hajafungua mdomo, maana nyumbani kwetu kulikuwa ng'ambo ya pori lile lile. Nilipozaliwa hapakuwa pori. Palikuwa mashamba ya mtama na malisho. Vichaka vilisogea, mbung'o wakaja navyo, ng'ombe wa baba wakakonda, manyoya yakawasimama, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Baba akahama na watatu waliosalia, akapokelewa na shemeji yake karibu na Tinde. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba alikuwa ameshika jembe la watu kwa miaka. Kila nilipokwenda kumwamkia alikuwa na swali moja tu: "Pori limefika wapi?"

Kwetu mwenye mji akifa huzikwa kwenye zizi lake. Baba hakuwa na zizi. Ng'ombe wake walilala kwenye zizi la shemeji. Hilo ndilo alilokuwa akiniuliza, hakuwa na haja na habari za vichaka.

Njia ya kwanza ya kuondoa pori ilikuwa shoka. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, Mtemi alipiga mbiu, na wanangwa wake, yaani wakuu wa vijiji, wakaleta watu kwa mamia wafyeke. Vijana, mnaoagizana kazi kwa barua, hamtajua raha wala karaha ya kufyeka kule. Watu walikuja na ngoma zao. Kila kundi lilipewa ukanda wake, na shoka zilikwenda kwa mdundo. Aliyeacha mdundo aliachwa nyuma na kuimbwa hapo hapo.

Hapa niseme kidogo juu ya siasa, maana watu hudhani hatukuwa nayo. Hatukuwa na vyama. Tulikuwa na wanangwa, na juu yao Mtemi, na juu yake Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, bomani. Amri ilishuka, haikupanda. Aliyetaka kupandisha neno alikuwa na njia moja isiyomfikisha gerezani, nayo ni wimbo. Wachezaji wa nchi yote walikuwa wa pande mbili, majina yake mnayajua kwa kuwa pande hizo zipo hadi leo, na kila upande katika kila eneo ulikuwa na ningi wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Ningi alikuwa gazeti letu. Nakumbuka kiangazi kimoja ningi aliimba kwamba mwanangwa fulani ana kiboko kirefu kuliko shamba lake. Mtemi mwenyewe alikuwa amekaa kitini anasikiliza, akacheka hadi machozi. Mwezi haukuisha, mwanangwa yule akaondolewa. Hakuna aliyeshitaki, hakuna aliyeandika barua.

Na wimbo ulikuwa na sheria yake, mniwekee hilo akilini. Ugomvi wa pande mbili ulimalizwa uwanjani. Mtu wa upande mmoja kwenda kumshitaki wa upande wa pili bomani, mbele ya Mzungu, ilikuwa aibu isiyofutika. Ilikuwa na maana kwamba mmeshindwa kutunga.

Gramafoni ilifika Shinyanga miaka hiyo hiyo. Mhindi mmoja mwenye duka karibu na stesheni aliiweka mlangoni, ikiimba santuri za pwani, na watu walitoka vijijini kwa miguu kuja kuisikiliza. Sisi wapiga ngoma tulikwenda, tukarudi tumenuna. Kisanduku kile kilipiga tangu asubuhi bila kutoka jasho.

Baada ya mizunguko ya misimu kadhaa, Bwana Majani alinipandisha cheo. Aliniita hemani.

"Shoka ni polepole," akasema. "Unakata hapa, pale panaota. Nataka kutumia moto."

"Bwana, moto tunachoma kila mwaka."

"Mnachoma mapema. Juni, Julai, majani yakiwa na ubichi. Moto wa namna hiyo unalamba chini tu, vichaka vimeuzoea. Mimi nataka moto mmoja, Oktoba, majani yakiwa makavu, marefu, mengi. Huo utapanda hadi matawini. Kwa hiyo mpaka Oktoba, mtu asiwashe hata kiberiti."

Akatenga bloki, kipande kikubwa cha pori, kilichoelekea kwetu. Pembeni yake tukalima barabara ya moto, ukanda wa udongo mtupu wenye upana wa hatua ishirini, ili moto wa watu usiingie. Majani yalikuwa haba, kwa hiyo yakaachwa msimu mzima bila kuchomwa, kisha msimu wa pili. Wazee walicheka. Sisi Wasukuma tuna ngitili, malisho yanayofungwa ili ng'ombe wapate chakula wakati wa kiangazi. "Mzungu kafunga ngitili ya kulisha moto," wakasema. Lakini baba hakucheka. Alinituma nimwulize Bwana kama moto ukiwaka vizuri, mtu ataweza kurudi lini.

"Mwaka utakaofuata," Bwana Majani akajibu. "Mwambie baba yako achague mahali pa kujenga."

Baba akaanza kukata miti ya zizi. Aliikata huko huko Tinde, akaipanga nyuma ya nyumba ya shemeji yake.

Walinzi wa bloki tulikuwa wawili. Mimi upande wa mashariki, na magharibi Luhende, rika langu, mrefu, mcheshi, mkamataji mzuri wa nzi kuliko sisi wote. Kazini tulikuwa ndugu. Uwanjani tulikuwa maadui, kwa sababu mimi nilikuwa mpiga ngoma kiongozi wa upande wetu, na yeye alikuwa mchezaji wa mbele wa upande wa pili. Tulitaniana kutwa. Akipita kwenye zamu yangu aliniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mpiga debe," nami nilimwitikia kwa tusi la kirafiki.

Julai ya mwaka wa pili likapangwa shindano kubwa. Sasa, ngoma kiongozi ilikuwa na miiko yake. Siku za shindano zikikaribia haikulala kijijini, kwa kuwa watu wa upande wa pili walikuwa na dawa zao. Wakiipitia tu, sauti inakufa. Ilifichwa mbali na watu. Nami nilikuwa nalinda mahali ambapo kila mtu amekatazwa kufika. Nani angepata ficho bora kuliko hilo? Nikaipeleka ngoma kwenye zamu yangu, nikajiona nina akili.

Ngozi ilikuwa mpya, bado nzito, inalia kama mtu mwenye mafua. Ngozi mpya hupashwa moto. Unakusanya majani makavu, unawasha, unaizungusha ngoma juu ya mwali hadi ngozi ikaze, unapiga, unasikiliza, unarudia. Kila mpiga ngoma hufanya hivyo, hata leo. Nilijua marufuku. Nilijiambia kwamba nitakaa katikati ya barabara ya moto, penye udongo mtupu pande zote, na rundo la mchanga karibu. Ilikuwa mchana, siku moja kabla ya shindano. Mara tatu nilipasha, mara tatu nilifukia moto kwa mchanga kabla ya kugusa ngozi.

Mara ya nne ngozi ilikaza. Niligusa kwa kidole tu, ikaitika. Wapiga ngoma watanielewa. Ilikuwa sauti niliyoitafuta tangu nianze kupiga, na sikufukia moto kwanza. Nilipiga.

Sijui nilipiga kwa muda gani. Kisulisuli kilikuja na vumbi lake kutoka nyuma, kama vinavyokuja kila mchana wa kiangazi, kikapita juu ya majani yaliyokuwa yakiwaka, kikayanyanyua. Niliyaona yanakwenda juu, yanazunguka, mekundu, yakavuka barabara ya moto na kuingia ndani ya bloki, mbali, upande wa Luhende. Nikaiacha ngoma nikakimbia. Tulipigana na moto ule kwa matawi, mimi na Luhende na watu waliokuja kwa kuona moshi, hadi jua likakaribia kutua. Majani ya misimu miwili yaliungua yote. Yaliungua vibaya, kwa moto hafifu wa Julai uliolamba chini. Vichaka vilibaki vimesimama, vimeungua magome, vizima.

Asubuhi Bwana Majani alikaa kwenye kiti mbele ya hema, Nyapara Saidi kulia, karani kushoto. Hakupaza sauti. Alikuwa ametembea tangu alfajiri akichunguza, akaona weusi ulianzia upande wa magharibi, karibu na mti wenye mzinga wa zamani wa nyuki.

"Luhende," akasema, "ulikuwa unarina asali?"

"Hapana, Bwana."

"Moto ulianza kwako. Nani aliuwasha?"

Luhende akanitazama, si kwa muda mrefu. Nilikuwa na masizi mikononi, lakini kila mtu pale alikuwa na masizi.

"Sijui, Bwana."

"Nataka jina moja tu. Jina la mtu, au lako."

"Sina jina, Bwana."

Akavuliwa kitambulisho cha bati siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na mdomo wangu haukufunguka. Nimekwisha kujitafutia visingizio vyote, msinisaidie. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi ya hapo niliogopa baba asije akajua.

Shindano liliahirishwa kwa siku tatu, halafu likafanyika. Pande mbili hupiga na kucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watazamaji huenda wanakopenda. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Niliipiga ngoma ile, na ilikuwa inalia kweli. Watu wakaja kwetu hata wakakanyagana. Mchana ulipoanza kupoa, ningi wa upande wa Luhende akanyamazisha ngoma zake. Akaanza wimbo mpya kwa sauti tupu, polepole, ili kila mtu asikie maneno. Ulikuwa unaniimba mimi, kwa jina, na jina la baba yangu. Unaeleza nilichokipasha, na nilikipashia nini.

Watu waliokuwa kwetu waliacha kucheza, wakavuka uwanja kwenda kusikiliza. Baba alikuwa kati yao. Niliuona mgongo wake alivyokuwa akivuka, na fimbo yake. Alisimama kule hadi wimbo ukarudiwa mara ya pili, kisha akarudi akaja mpaka nilipo.

"Maneno ni ya kweli?"

"Kweli, baba."

"Ngoma ni nzuri," akasema. "Kesho nenda ukamwambie mwenye majani yake."

Nilikwenda. Bwana Majani alikuwa amesafiri kwenda Kahama, nikamkuta Nyapara Saidi amemaliza kuswali. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Alisikiliza huku akikunja mkeka.

"Marahaba. Umesema, nimesikia," akasema. "Sasa sikiliza na wewe. Bwana amekwisha andika ripoti, imekwenda na treni. Karatasi ya Mzungu ikishaondoka hairudi. Ukisema leo, nitapoteza mlinzi wa pili, na bloki itachukua miaka mingine miwili na watu nisiowajua. Kalinde majani. Yalinde vizuri."

Nilipaswa kukataa. Nilipaswa kumngoja Bwana arudi kutoka Kahama. Badala yake nilimshukuru, wabeja sana, Nyapara, nikatoka pale nimefurahi. Furaha ile ndiyo inayonitia haya hadi leo, kuliko hata moto wenyewe.

Baba hakuniuliza tena pori limefika wapi. Alifariki masika yaliyofuata, kwa homa ya siku chache. Tulimzika kando ya nyumba ya shemeji yake, pembeni ya njia ya kwenda kisimani. Ile miti ya zizi aliyoikata baba, mama aliitumia kuni, kwa kuwa mchwa walikuwa wameanza kuila.

Nikayalinda majani. Oktoba ya mwaka uliofuata kifo chake bloki iliwaka moto aliokuwa akiusubiri Bwana Majani, moto uliopanda hadi matawini na kuunguruma hata tukashindwa kusikilizana. Vichaka vilikufa. Watu wakarudi kwenye mashamba yao, nami nikajenga pale pale palipokuwa na nyumba ya baba. Bwana Majani akanipa mkono na cheo cha nyapara. Nilivipokea vyote viwili.

Cheo hicho ndicho kilichonipeleka Geita, miaka ya thelathini ikielekea mwisho, machimbo ya dhahabu yalipoanza kuchukua watu kutoka kila pembe. Mbung'o husafiri mgongoni mwa watu na kwenye malori, kwa hiyo kituo cha ukaguzi kiliwekwa barabarani. Tulijenga banda refu lenye giza. Lori linaingia, milango inafungwa, linaachwa tundu moja tu lenye mwanga. Mbung'o waliojificha wanakwenda kwenye mwanga, tunawakamata. Abiria walisimama nje wakageuzwa mmoja mmoja na kupanguswa migongo.

Geita ya siku zile ilikuwa nchi ya peke yake. Kulikuwa na Wazinza wenye nchi, Wasumbwa, Wanyamwezi, Waha, na watu wa mjini Waislamu kutoka Tabora na pwani waliofungua vioski na hoteli za chai. Jumapili machimbo yakilala, watu wa pwani walicheza ngoma yao ya beni kwa gwaride, na majenerali wao wa ngoma walivaa kofia na kupigiana saluti kuliko askari wa boma. Wasukuma walicheza upande wao, na gramafoni ililia hotelini kwa wasiojua kucheza. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, hata kwa sisi tuliokizungumza kwa lafudhi ya ng'ombe. Nikisikia watu wanaikumbuka miaka ile, mimi hukumbuka Jumapili za Geita.

Asubuhi moja lori lilileta wachimbaji kutoka likizo. Nikamgeuza mtu mrefu aliyevaa koti, nikaona mbung'o ametua katikati ya mgongo wake. Nikamfunika kwa wavu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," yule mtu akasema bila kugeuka. "Mkono wako bado mwepesi, mpiga debe."

Alikuwa Luhende. Alikuwa mtoboaji wa miamba chini ya ardhi, kifua chake kimeanza kukohoa kikohozi cha vumbi la mawe. Tukakaa pembeni wakati lori linakaguliwa. Nikamwuliza swali nililokuwa nimelibeba miaka yote.

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla ya moshi. Nilisikia ngoma yako inapanda sauti, mara tatu, mara nne. Ngozi baridi hailii vile. Nikasema, mshenzi yule anapasha."

"Mbona hukunitaja?"

Akanitazama kama anayetazama mtoto. "Nikutaje kwa Mzungu? Upande wangu ungeimbwa mpaka leo kwamba tumekwepa uwanja, tumekwenda kushindia bomani. Nilikupeleka mahali pako. Nilimpa ningi wetu maneno, akatunga."

"Nisamehe, Luhende. Ulipoteza kazi."

"Kazi nimepata nyingine, ingawa ya shimoni. Neno la pembeni, wewe na mimi, silitaki. Wimbo ulikutaja mbele za watu, nawe ujitaje mbele za watu. Siku utakayouimba mwenyewe kwa jina lako, siku hiyo tutakuwa sawa."

Nikamwambia nitauimba Jumapili. Jumapili ikafika, nikaenda uwanjani, na hata ngoma nilipewa. Nilipiga hadi jioni, lakini sikuuimba. Nilikuwa nyapara, watu waliniamkia shikamoo. Luhende alisimama ukingoni akingoja, kisha akaondoka. Wiki iliyofuata sikuwa na la kumwambia, na iliyofuata hivyo hivyo, na mwishowe nikahamishwa.

Nilistaafu baada ya miaka mingi, na vituo vingine nilivyokaa havina la kuwachosha nalo. Siku ya kuniaga, vijana walileta ngoma na kuimba nyimbo za zamani ili kuniheshimu. Mmoja ulikuwa ule ulioniimba mimi. Ulikuwa umetembea kote huko na jina langu likadondoka njiani. Sasa unasema mpiga ngoma tu. Viongozi walipiga makofi, nami nikapiga makofi pamoja nao. Luhende hakuwapo. Alikuwa amekufa kwa kifua, na mazishini kwake nilibeba udongo kama mtu mwingine yeyote.

Vijana huniuliza kama zamani ilikuwa bora. Mbung'o walikuwa wengi, viboko vilikuwa vingi, na mtu mkubwa aliitwa boi na mtoto wa Mzungu. Lakini mtu alipokosa, watu wake walimwambia kosa lake kwa sauti nzuri, mbele yake, akiwa hai na akiwa na nafasi ya kuitikia. Mimi nafasi hiyo nilipewa, nikaitikia kwa kupiga ngoma.

Sasa mmeniomba nyimbo. Huu ndio wa kwanza, nimeutoa katika Kisukuma, na jina nimelirudisha mahali pake. Muuimbe hivi hivi, msilidondoshe tena.

*Kapasha ngozi, kapasha ngozi,*
*kapasha kwa majani ya baba yake.*
*Ngoma imelia vizuri, jamani,*
*mzee kakosa pa kufunga ng'ombe.*
*Luhende kaondoka mikono mitupu,*
*mwenye masizi kabaki na kazi.*
*Mpiga ngoma ni nani?*
*Ni mimi, Mabula, mwana wa Ng'wandu.*